Baba, usijifungie nyumbani kwa sababu ya mkojo

Wanaume wengi huvuja mkojo baada ya kuondolewa tezi dume iliyo na saratani. Mazoezi yasiyohitaji pesa wala mashine yanaweza kuwasaidia, mradi wayajue vyema na wawe na subira

Je, ni maradhi mangapi ambayo mwanamume anaweza kuyasimulia waziwazi akiwa kwa kinyozi mjini Ruiru, au akinywa chai karibu na soko la Jamhuri mjini Thika? Ni mengi. Atazungumzia shinikizo la damu, atazungumzia kisukari, na maumivu ya mgongo atayaeleza hadi chai ipoe. Lakini mwulize kama mkojo humtoka bila yeye kutaka, na papo hapo utamsikia akigeuza mazungumzo na kuuliza mechi ya jana ilikwishaje.

Makala haya yanamlenga huyo anayegeuza mazungumzo. Kina mama na vijana nao wasifunue ukurasa mwingine, maana jambo hili huwahusu kuliko wanavyodhani.

Saratani ya tezi dume, ambayo wengine huiita tezi kibofu, ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume nchini Kenya. Ulimwenguni, zaidi ya wanaume milioni 1.4 waligunduliwa kuwa nayo katika mwaka wa 2020 pekee. Ikigunduliwa mapema, kabla haijatoka nje ya tezi, mojawapo ya tiba ni upasuaji wa kuiondoa tezi yote. Wengi wanaofanyiwa upasuaji huo huishi miaka mingi baadaye. Hata hivyo, karibu kila mmoja wao hupitia kipindi ambacho mkojo humvuja, kwa matone au kwa wingi.

Hapo ndipo balaa huanzia. Kuna wanaokataa kupasuliwa kwa sababu wamesikia kwamba mtu hurudi nyumbani akivaa nepi kama mtoto. Wengine hukubali, saratani ikaondolewa, kisha wakaacha kwenda kanisani au msikitini, wakaacha mikutano ya chama, wakaacha hata kupanda matatu. Je, msomaji, kuna faida gani mtu kuokolewa na kisu cha daktari halafu akajifunga mwenyewe chumbani miaka kumi?

Jambo ambalo wengi wao hawakuambiwa, au waliambiwa wakiwa na hofu wasilisikie, ni kwamba kuvuja huku aghalabu ni udhaifu wa misuli. Na misuli hufundishika.

Bawabu mmoja ameondoka

Ili ufahamu mazoezi, sharti kwanza ufahamu kilichotokea mwilini. Chukulia kibofu chako kuwa mfuko wa maji. Chini ya mfuko huo pana tezi dume, ambayo kwa kijana haizidi ukubwa wa ndimu ndogo. Mrija wa mkojo hupita katikati ya tezi hiyo, kama uzi unavyopita katikati ya ushanga.

Mrija huo una mabawabu wawili, yaani misuli miwili ya mviringo inayoubana usimwage maji ovyo. Wa juu uko kwenye shingo ya kibofu. Huo hufanya kazi yake usiku na mchana bila wewe kuuamuru. Wa chini uko chini kidogo ya tezi, na unaweza kuuamuru. Ndio unaokuwezesha kujizuia ukiwa ndani ya matatu iliyokwama kwenye msongamano, choo kikiwa mbali.

Daktari anapoondoa tezi dume, kisha akaunganisha kibofu na mrija uliobaki, bawabu wa juu huondoka kwa kiasi kikubwa. Lango lililolindwa na wawili sasa lina mmoja, tena huyo mmoja amezoea kusaidiwa. Ndiyo maana mkojo huponyoka mtu anapokohoa, anapopiga chafya, anapocheka, anapoinuka kitini au anapobeba mtungi wa maji. Ndiyo maana pia wengi huwa wakavu usiku wakilala, lakini jioni, baada ya kusimama kutwa nzima, hulowa zaidi. Bawabu amechoka.

Bawabu huyo hafanyi kazi peke yake. Anashikiliwa na misuli mingine iliyotandazwa kama machela kutoka mfupa wa kinena, kwa mbele, hadi kifandugu, kwa nyuma. Wataalamu huiita misuli ya sakafu ya nyonga. Hiyo ndiyo tunayotaka kuitia nguvu.

Huenda mama watoto anayajua

Mazoezi haya hayakuanza jana, wala hayakuanza na wanaume. Mnamo 1948 daktari mmoja wa kina mama nchini Marekani, Arnold Kegel, alichapisha maelezo ya jinsi mwanamke aliyelegea misuli hiyo kwa kuzaa anavyoweza kuirejeshea nguvu kwa kuibana na kuilegeza. Hadi leo mazoezi hayo hujulikana kwa jina lake, na kina mama wengi hufundishwa wanapohudhuria kliniki ya uzazi. Kwa hivyo, bwana, usishangae ukigundua kwamba mwalimu wako wa kwanza unaishi naye nyumba moja.

Mwanamume naye anayo misuli hiyo hiyo, ila hajawahi kuwa na sababu ya kuikumbuka. Kazi ya kwanza basi ni kuitafuta.

Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage kitanda. Sasa jifanye umebanwa na hewa mbele ya wakwe, nawe hutaki itoke. Umeuhisi mkazo huo kwa nyuma? Vyema, lakini hiyo ni nusu ya kazi. Watafiti wa Australia waliowapima wanaume kwa mashine ya ultrasaundi waligundua kwamba maneno anayoambiwa mtu huamua ni misuli ipi itakayofanya kazi. Akiambiwa abane nyuma, hubana zaidi nyuma. Akiambiwa avute uume ndani, kana kwamba anataka kuufupisha, yule bawabu wa mrija wa mkojo ndiye anayefanya kazi zaidi.

Kama maneno hayo yanakutatiza, fikiria unaingia mto Chania asubuhi ya mwezi Julai. Maji baridi yakipanda mapajani na kukaribia kinena, mwili wenyewe hujivuta juu. Mvuto huo ndio tunaoutaka. Ukijitazama kwenye kioo, utaona shina la uume likiingia ndani kidogo na korodani zikipanda.

Jinsi ya kuyafanya

Kwanza, ukishaipata misuli, ibane polepole na uhesabu hadi tatu. Kisha ilegeze kabisa, nayo uipe muda wa kupumzika usiopungua ule wa kubana. Rudia mara 10. Wengi hukosea hapa, kwani hudhani kulegeza si sehemu ya zoezi. Msuli usiopumzika huchoka, na uliochoka huvujisha.

Pili, fanya mibano 10 ya harakaharaka: bana, achilia, bana, achilia. Ile ya polepole humpa bawabu stahamala ya kusimama kutwa, na hii ya haraka humfundisha kushtuka pindi kikohozi kinapokuja.

Tatu, rudia mpango huo mara tatu kwa siku. Chagua nyakati ambazo hutasahau: kabla ya kutoka kitandani, baada ya chakula cha mchana, na wakati wa taarifa ya habari ya saa moja jioni. Siku za mwanzo fanya ukiwa umelala, baadaye ukiwa umeketi, hatimaye ukiwa umesimama, maana ukisimama ndipo mkojo huponyoka. Kadiri wiki zinavyopita, ongeza muda wa kubana hadi ufike sekunde 10. Usiruke hatua.

Nne, na hili ndilo linaloleta tofauti katika maisha ya kila siku: bana kabla ya tukio. Unahisi chafya inakuja? Bana kwanza, kisha upige chafya. Unataka kuinuka kwenye kiti cha kanisa, kushuka matatu au kumnyanyua mjukuu? Bana, kisha ufanye. Baada ya muda mwili hujifunza kufanya hivyo wenyewe.

Kuna makosa ya kuepuka. Usizuie pumzi, ukiweza kuhesabu kwa sauti huku ukibana, basi unapumua. Usikaze makalio, mapaja wala tumbo, kwani hao ni majirani wanaopenda kujitia katika kazi isiyo yao. Usisukume chini kama mtu anayejisaidia choo kikubwa, sababu utakuwa unaifanya misuli kinyume. Wala usigeuze kukatiza mkojo katikati ya haja kuwa zoezi la kila siku. Kujaribu mara moja ili uitambue misuli si neno, lakini ukifanya mazoea, kibofu kinaweza kuzoea kutomaliza kazi yake.

Wakati wa kuanza na wakati wa kusubiri

Wakati mwafaka wa kujifunza ni kabla ya upasuaji, wiki kadhaa mapema, ungali na nguvu na hakuna kidonda. Aliyekwisha kuijua misuli yake huwa na kazi ndogo baadaye. Kwa hivyo, kama wewe au mzee wako amepewa tarehe ya kupasuliwa, muulizeni daktari swali hili sasa: ni nani atakayetufundisha mazoezi?

Baada ya upasuaji mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo, ambao kwa kawaida hukaa wiki moja au mbili. Mpira ukiwa ndani, usifanye mazoezi. Ukishatolewa na daktari akakuruhusu, anza siku hiyo hiyo, taratibu. Wiki za kwanza usibebe vitu vizito. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, kwa hivyo waachie vijana.

Usivunjike moyo ukilowa sana siku mpira unapotolewa. Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote, na wengi huidhani kuwa ndiyo hali yao ya milele. Nafuu hupimwa kwa miezi. Wengi huwa wamepata nafuu kubwa kati ya mwezi wa tatu na wa 12. Weka daftari, andika kila siku umetumia pedi ngapi. Aliyeanza na tano na sasa anatumia mbili anapiga hatua, hata kama moyoni anajiona yuko pale pale.

Je, yafaa kweli?

Msomaji anayependa ushahidi ana haki ya kuuliza. Mnamo 2000 watafiti wa mji wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya wanaume 102 waliokuwa wakivuja baada ya kuondolewa tezi dume. Miongoni mwa waliofundishwa mazoezi, 88 kwa kila 100 walikuwa wamekauka baada ya miezi mitatu. Miongoni mwa wasiofundishwa, walikuwa 56 kwa kila 100.

Lakini tusifiche upande wa pili. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2011 uliwachukua wanaume zaidi ya 400 ambao bado walikuwa wakivuja wiki sita baada ya upasuaji. Nusu walifunzwa ana kwa ana na mtaalamu, nusu wakapewa huduma ya kawaida. Mwaka ulipotimia, hapakuwa na tofauti kati yao, na takriban robo tatu ya kila kundi bado walikuwa na kuvuja kwa kiasi fulani.

Tuseme nini basi? Kwamba mazoezi haya si muujiza. Huwasaidia wengi kukauka mapema zaidi, lakini si kila mtu atakauka kabisa, na asiyekauka asilaumiwe kwamba ni mvivu. Umri, uzito wa mwili, jinsi upasuaji ulivyokwenda na mionzi iliyotolewa baadaye, yote huchangia. Madaktari bingwa wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka wa 2019, walishauri mgonjwa apewe mazoezi haya punde baada ya upasuaji, kwa sababu faida yapo na madhara ni madogo.

Maji, chai na safari ya matatu

Kosa la kawaida ni kuacha kunywa maji. Mtu ana safari ya kutoka Thika kwenda Nairobi, basi tangu asubuhi hatii hata tone mdomoni. Matokeo yake, mkojo huwa mzito na mkali, nao huwasha kibofu na kukifanya kitake kujimwaga mara kwa mara. Kunywa maji kama kawaida, ila kama una maradhi ya moyo au ya figo fuata kiasi alichokupa daktari. Punguza badala yake chai ya rangi, kahawa, soda za kola na pombe, hasa jioni.

Kula mboga, maharagwe na matunda ili usifunge choo, maana kujikamua chooni huidhoofisha misuli ile ile unayoijenga. Mvutaji sigara ana kikohozi, na kila kikohozi ni pigo kwa bawabu. Mwenye kitambi naye amembebesha bawabu mzigo mchana kutwa.

Pedi na nepi za watu wazima si aibu, ni vazi la muda. Badilisha mara kwa mara, nawa, jikaushe vizuri ngozi isichubuke. Beba mbili za ziada na suruali ya rangi nzito, ukae upande wa mlango. Muislamu anayeogopa kwenda msikitini na akumbuke kwamba dini inamtambua mwenye udhuru wa mkojo usiozuilika. Hujisafisha, akatawadha wakati wa sala unapoingia, akaswali. Azungumze na imamu wake.

Siri hii haina faida

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hata wakubwa wa dunia hujaribu kuificha siri hii. Mnamo Desemba 2023, Lloyd Austin, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, alipasuliwa kwa sababu ya saratani ya tezi dume. Siku ya mwaka mpya alirudishwa hospitalini akiwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na siku kadhaa zikapita rais wake hana habari kwamba amelazwa. Baadaye Austin alijitokeza mbele ya wanahabari, akakiri kwamba alipaswa kusema. Ikiwa mkuu wa majeshi kama huyo alishindwa kuutamka ugonjwa huo, tusishangae baba yetu wa Kihunguro au Makongeni akinyamaza.

Kwa hivyo familia na imrahisishie. Mke asisubiri kuombwa: aweke ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, na kitambaa cha plastiki chini ya shuka. Watoto wasicheke wala wasizibe pua. Mume naye asihamie chumba kingine bila kueleza. Upasuaji huu unaweza pia kupunguza nguvu za kiume, kwa kuwa neva zinazohusika hupita kando kando ya tezi. Mke asiyeambiwa hudhani amechukiwa. Kuna msaada kwa hilo pia, lakini daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Wapi pa kupata msaada

Wakazi wa sehemu hizi hawako mbali na huduma. Hospitali ya Thika Level 5 na ile ya Ruiru ni za umma. Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa kwa wagonjwa mwaka wa 2019, iko kando ya barabara ya Northern Bypass, si mbali na Ruiru, na ina kituo cha saratani. Uliza kitengo cha fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo. Ukienda kwa mtaalamu wa kibinafsi, hakikisha amesajiliwa, kwani tangu sheria ya mwaka wa 2014 taaluma hiyo ina baraza lake. Ulizia pia mapema ni gharama zipi zinazolipwa na bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024.

Rudi hospitalini bila kukawia ukishindwa kabisa kupitisha mkojo, ukiona damu nyingi au madonge ya damu, ukipata homa au maumivu makali ya kuchoma, au mkojo ukianza kutoka kwa uzi mwembamba unaozidi kupungua. Na kama miezi sita imepita, umefanya mazoezi kwa dhati na hakuna nafuu yoyote, usiambiwe ni uzee. Muone daktari bingwa wa njia ya mkojo. Upo upasuaji wa kuutegemeza mrija kwa mkanda, na vipo pia vifaa vya kuubana mrija ambavyo vimekuwa vikiwekwa mwilini tangu miaka ya 1970. Ni ghali, wala havipatikani kila hospitali, lakini ni haki yako kujua kwamba vipo.

Nawe kijana unayesoma ukurasa huu, huenda baba yako asiulize na hatauliza. Usimhubirie. Ukunje ukurasa huu, uuache mezani pale anapowekea miwani yake.